Mafuta Safi, Presha Juu: PCOS na Moyo wa Mwanamke Mweusi

Waliokuwa zamu Jumamosi wameniandikia wengi, wanataka nilichoongea pale ukumbini kuhusu PCOS, ule ugonjwa wa homoni wa wanawake unaovuruga siku na ovari. Basi hiki hapa, nimekiandika kama kilivyotoka mdomoni, nimeacha tu zile picha za ukutani na kelele za watoto waliokuwa wanagombania spika.

Shikamooni mama zangu. Dada zangu, habari za toka juzi? Na nyie wadogo zangu mliojibanza nyuma karibu na mlango wa jikoni nawaona, pilau bado, kaeni.

Naanza na swali. Nani humu ndani alishaambiwa na daktari ana PCOS? Nyosheni mikono, hapa tupo wenyewe. Naona sita. Haya, nani alishaambiwa na shangazi au bibi kwamba ana chango? Ehee! Sasa mikono imekuwa msitu. Mnaona? Shirika la Afya Duniani linasema wanawake wenye PCOS ni kama asilimia 6 mpaka 13 ya walio kwenye umri wa kuzaa, na hadi asilimia 70 yao hawajui kama wanayo. Hao wasiojua ndio hii mikono ya chango. Sisemi kila chango ni PCOS, nasema shangazi alikuwa anaona kitu halafu hana jina lake.

Mimi ni nesi, mnanijua, nafanya kazi klinik ya wanawake hapa Dallas mwaka wa kumi na moja sasa. Na mimi mwenyewe ni mmoja wa ile mikono sita. Kwa hiyo leo nikisema "mgonjwa" mjue kuna mahali najisema mimi.

Kwanza hilo jina. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliandika kuhusu wanawake saba waliokuwa hawaoni siku zao, wengine wana nywele usoni, wengine wanene, na ovari zao zimejaa vifuko vidogo vidogo. Wakaitazama ovari, wakaipasua, siku zikarudi, ugonjwa ukabaki na jina la ovari mpaka leo. Sasa hilo jina ndilo linalotuponza, maana ukiambiwa ugonjwa wako ni wa ovari utawaza nini? Utawaza mtoto. Utawaza hedhi. Utawaza hizi ndevu za kidevuni unazong'oa na kibanio kila asubuhi kabla mzee hajaamka. Nani atawaza moyo? Nani anatoka nyumbani kwa sababu ya hedhi akawaza presha?

Ngoja niwaambie kinachoendelea ndani. Insulini ni kama mgeni anayepiga hodi kwenye seli ili sukari iingie. Kwa wengi wetu wenye PCOS, seli za misuli zimejifanya hazisikii, hodi, kimya, hodi, kimya. Kongosho linafanyaje? Linaongeza wageni, badala ya mmoja wanakuja kumi wanagonga mlango mpaka seli inafungua kwa shingo upande. Sukari inaingia, ukipima sukari yako unaambiwa iko sawa, lakini nje kuna umati. Na ovari, sasa hapa ndio penyewe, ovari haijaziba masikio, yenyewe inasikia zile kelele zote na ikizisikia inatengeneza homoni za kiume zaidi. Ndevu, chunusi, mayai hayapevuki. Na huo umati wa insulini ukikaa miaka na miaka unaenda kusumbua mishipa, ini, presha, na mwisho kongosho lenyewe linachoka, kisukari hicho. Kwa hiyo ndevu na moyo vinatoka mlango mmoja.

Sasa yangu. Siku zangu zilianza kuruka nikiwa na miaka 19, Tanga, nikapewa mizizi ya chango nikanywa, chungu kama nini sijui. Nimekuja huku nikaenda klinik moja, siitaji na haipo tena kwenye bima yangu, daktari akanipima ultrasaundi na damu akasema una PCOS, kunywa hivi vidonge vya uzazi wa mpango siku zitakaa sawa, ukitaka mtoto urudi. Dakika kumi na mbili. Lakini kabla hajaingia yule msaidizi alishanifunga ile mpira mkononi akasoma 138 kwa 88, akaniangalia, akasema umepanda ngazi haraka eh? Nikasema eh. Kumbe nilikuja na lifti! Sijui kwa nini nilisema eh. Akaandika, akafunga faili. Na majibu ya mafuta ya damu yalipotoka daktari alinipigia simu mwenyewe kunipongeza, trigliseraidi 71, ile kolesteroli nzuri 58, akasema una mafuta mazuri kuliko mimi. Nikafurahi nikaenda kununua keki.

Ile presha ilikaa kwenye faili miaka miwili, 138, 141, 136, kila mara nimepanda ngazi. Mpaka nilipobeba mimba, wiki ya 33, naona nyotanyota, mume wangu ananikimbiza, mashine inasoma 164 kwa 108. Mwanangu alizaliwa usiku huo huo, kilo moja na gramu mia nane, ndio yule aliyekuwa anagombania spika. Nashukuru Mungu. Ila nawauliza, nani alikuwa hajui? Faili lilikuwa linajua. Mashine ilikuwa inajua. Mafuta mazuri ndiyo yaliyowapofusha.

Nirudie hilo. Mafuta mazuri ndiyo yaliyowapofusha.

Na hapa ndio naingia kwenye kilichonileta. PCOS ni moja, lakini haituchezei sote ngoma moja. Nitawapa wanawake watatu, nimewachanganya changanya kutoka kwa wengi niliowaona ili asijulikane mtu, msianze kuniuliza ni nani. Wote wana PCOS, wote miaka thelathini na kitu, na tuseme wamekuja siku moja wamekaa viti vitatu vimefuatana.

Wa kwanza wazazi wake wametoka Mexico. Trigliseraidi 240, juu sana, kolesteroli nzuri 38, chini mno, kiuno kikubwa, ini lina mafuta. Wa pili wazazi wake wametoka India, mwembamba, ukimwona njiani utasema huyu anaumwa nini, lakini ukimzungushia futi ya fundi tumboni inasoma sentimita 84, na ukimnywesha maji ya sukari saa mbili baadaye sukari yake ni 165. Wa tatu ni mweusi, kwao ni hapa hapa Texas toka enzi za pamba. Trigliseraidi 78, kolesteroli nzuri 56, sukari ya asubuhi 97, kiuno sentimita 101, presha 142 kwa 90.

Madaktari wana hesabu yao wanaiita sindromu ya metaboliki. Vitu vitano: kiuno, trigliseraidi, kolesteroli nzuri, presha, sukari ya asubuhi. Ukikutwa na vitatu umeingia, taa inawaka, unapelekwa kwa wataalamu. Haya tuhesabu. Wa kwanza: kiuno, trigliseraidi, kolesteroli. Vitatu, taa inawaka. Wa pili: ile 165 ni ya baada ya kunywa, na hiyo haimo kwenye vitano, haihesabiwi. Wa tatu: kiuno, presha... sukari 97, mstari ni 100, hajafika. Viwili. Taa haijawaka! Anarudi nyumbani na karatasi safi na presha ya 142, na ukipima insulini yake utakuta umati uko mlangoni kama wa yule wa kwanza tu.

Kwa nini? Sio bahati wala sio maombi. Kuna kimeng'enya kinachosafisha trigliseraidi kwenye damu, na kwa watu weusi wengi kinaendelea kufanya kazi hata insulini ikishaanza kugomewa, wakati kwa wengine kinalegea mapema. Kwa hiyo kwa Mzungu au Mmeksiko trigliseraidi zikipanda ni kengele kwamba insulini imeshachacha. Kwetu sisi ile kengele haina betri. Na hapa hapa mjini kwetu, ule utafiti mkubwa wa moyo wa Dallas ulioanza karibu na mwaka 2000, waliwapiga watu picha za ini: wenye asili ya Amerika ya Kilatini asilimia 45 walikuwa na mafuta kwenye ini, Wazungu 33, weusi 24. Mtu akiona 24 anasema weusi wako salama. Salama wapi? Presha? Zaidi ya nusu ya wanawake weusi watu wazima Marekani wana presha. Kisukari? Hukohuko.

Sasa msinielewe vibaya mkatoka hapa mnashindana nani anaumwa zaidi. Tafiti za PCOS za Marekani zikiwapanga wanawake, mara nyingi wenye asili ya Kilatini ndio wanaotoka na insulini mbaya zaidi na hiyo sindromu zaidi, na weusi wanatoka na presha na uzito, na Wazungu nao wana yao, na wa Asia ya Mashariki wana balaa lao jingine kwamba nywele za usoni hazioti sana kwa hiyo wanapitwa kabisa, anakaa pale kidevu laini, nani atamshuku? Ninachosema mimi ni kwamba rula ni moja na miili ni mingi. Na rula yenyewe ilichongwa kwa nani? Kuna mwongozo wa kimataifa wa vipimo vya kiuno, wamepanga Wazungu sentimita 80 kwa mwanamke, Waasia ya Kusini 80, Wachina 80, wakafika kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara wakaandika tumieni vya Wazungu mpaka takwimu zenu zipatikane. Mpaka zipatikane! Niliposoma hilo nilicheka peke yangu kwenye chumba cha chai mpaka mwenzangu akauliza nini.

Haya, twende kwenye sukari, na hapa nataka wenye siko seli kwenye ukoo wasikilize. Kuna kipimo cha A1c, kile cha miezi mitatu, hakuna kufunga kula, kidole tu au damu kidogo, kila mtu anakipenda. Wifi yangu yuko Houston, ana PCOS, kila mwaka A1c 5.6, kila mwaka anaambiwa hongera, maana mstari wa kuanza kuhofia ni 5.7. Miaka mitatu hongera. Mimi namwangalia shingo, nyuma ya shingo pameanza kuwa peusi na ngozi nene kama velveti, ile watu wanasugua na dodoki wakidhani ni uchafu, jamani ule sio uchafu, mara nyingi ni insulini inaongea. Nikamwambia wifi, nenda kaombe kile cha kunywa. Akanuna. Akaenda. Wakampa gramu 75 za glukosi, anasema tamu kama soda ya machungwa iliyosahaulika kwenye gari Agosti, akakaa pale saa mbili, sukari ikasoma 171. Kwenye kipimo hicho 140 mpaka 199 ni kwamba kisukari kiko njiani. A1c imemficha miaka mitatu!

Wifi amebeba siko seli, haumwi, amebeba tu, kwao ni kanda ya ziwa. Sasa A1c inafanyaje kazi? Inahesabu sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu. Chembe zikiwa na himoglobini ya tofauti, kama kwa aliyebeba siko seli, hesabu inayumba. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya Wamarekani weusi zaidi ya elfu nne, wengine wakiwa wa ule utafiti wa moyo wa Jackson, Mississippi, wakakuta waliobeba siko seli A1c yao inasoma chini kwa takriban pointi 0.3 wakati sukari yenyewe ni ileile. Pointi 0.3 ni ndogo? Jumlisha kwenye 5.6 ya wifi. Na hapa Marekani mtoto mweusi mmoja kati ya 13 anazaliwa amebeba siko seli, sisi wa pwani na ziwa ndio usiseme. Halafu kuna utafiti mwingine wa taasisi ya afya ya taifa kule Maryland, waliwachukua Waafrika wahamiaji, watu kama mimi na wewe wenye viza na mabegi, wakawanywesha glukosi wote na kuwapima A1c wote, na A1c peke yake ilikamata kama nusu tu ya waliokuwa na sukari mbovu. Nusu! Ukiwa mlinzi wa geti ukakamata nusu ya wezi utalipwa mshahara?

Mama mmoja hapa mbele ananiangalia kama anataka kusema kwa hiyo ni damu yetu, ndio tulivyoumbwa. Hapana mama yangu, subiri. Kile kimeng'enya ni mwili, siko seli ni mwili, nakubali. Lakini presha? Kuna mtafiti anaitwa Arline Geronimus, toka 1992 anasema miili ya wanawake weusi wa Marekani inachakaa mapema kwa sababu ya maisha, sio kwa sababu ya rangi, ni kama bati la paa linalopigwa jua na mvua kila siku. Endesheni gari kusini ya Dallas mniambie mmepita maduka mangapi ya mboga. Na mangapi ya kuku wa kukaanga.

Na sisi tuliokuja jana? Nina rafiki, ameniruhusu kusema. Kafika hapa na kilo 61, siku zake zinaruka kidogo lakini hakuna cha presha. Akapata ghala, zamu ya usiku, saa nne mpaka saa kumi na mbili asubuhi, akitoka anampeleka mtoto shule, saa nne asubuhi anaanza kazi ya pili ya kutunza mzee, analala kwenye gari dakika arobaini kiti kimelazwa, anakula chipsi na soda kubwa maana ndicho kinacholiwa kwa mkono mmoja. Miaka minne. Kilo 89, siku zake zikapotea miezi saba, presha 150. Huyo jeni zake zilibadilika lini, kwenye ndege? Halafu akienda kwa daktari anaambiwa punguza uzito. Saa ngapi? Nauliza kweli, saa ngapi?

Basi mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa 2023 unasema nini, niwape mkaudai maana ni haki yenu. Unasema PCOS yenyewe ihesabiwe kama hatari ya moyo, sio mpaka uzeeke. Presha ipimwe kila mwaka. Mafuta yapimwe pale unapogundulika, sawa, yapimwe, ila yakitoka mazuri usinunue keki. Sukari ipimwe kila mwenye PCOS, mnene au mwembamba, halafu irudiwe kila mwaka mmoja mpaka mitatu, na kipimo sahihi kuliko vyote ni kile cha kunywa glukosi gramu 75, na ukipanga mimba au ukishabeba na hujapimwa, kidai, maana PCOS inaongeza kisukari cha mimba na inaongeza kifafa cha mimba na sisi weusi tayari tuko mbele kwenye hicho cha pili. Mkiambiwa A1c inatosha, mseme kwa upole, daktari, kwetu kuna siko seli, naomba cha kunywa. Hiyo sentensi jifunzeni kwa Kiingereza kabla ya kulala, mimi nitawaandikia kwenye kikundi.

Na vile vidonge vya uzazi wa mpango, sisemi vibaya, vinasaidia wengi, vinarudisha siku na vinapunguza ndevu. Lakini vile vyenye estrojeni vinaweza kupandisha presha, kwa hiyo mtu asikuandikie bila kukupima, na akikuandikia ukapime tena baada ya miezi michache. Mimi nilivinywa miaka miwili na 138 yangu kwenye faili. Vya aina nyingine vipo. Metformini nayo ipo, ya miaka mingi, bei ya chai, inasaidia zile seli zisikie hodi, mwanzo itakuharisha, kunywa na chakula. Mdalasini wa kwenye TikTok weka kwenye pilau.

Dada mmoja ameniuliza kabla hatujaanza, kama binti yake wa miaka 16 mweusi shingoni na siku zinaruka ampeleke. Mpeleke. Kwa mabinti madaktari huwa wanasubiri kidogo kuandika jina la PCOS, siku kuruka miaka ya mwanzo ni kawaida, lakini presha na sukari havihitaji jina la ugonjwa ndio vipimwe. Mpeleke wiki hii.

Sasa pale kwenye meza ya chai nimeleta mashine mbili za presha, moja ina mpira mkubwa kwa sisi wenye mikono ya kutwanga, maana mpira mdogo kwenye mkono mnene unasoma juu uongo. Futi ya fundi ipo pia. Ila msikimbilie. Nenda chooni kwanza, ukae dakika tano kimya, mgongo uegemee, miguu chini usikunje nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na usiongee, najua hilo la mwisho ndio gumu kwetu. Tunapima mara mbili, tunaandika kwenye karatasi, karatasi ni yako. Na nikikuta 138 sitakuuliza kama umepanda ngazi, ukumbi huu uko chini. Mama mchungaji tuanze na wewe, halafu hao wa mlango wa jikoni.